Hakuna Kushuka Mpaka Niseme

Kabla sijarudisha funguo za basi na kustaafu, mpanga safari wetu hapa Louisville aliniomba niwaandikie madereva wapya ukurasa mmoja wa ushauri juu ya safari za timu ya chuo ya hoki ya barafuni. Alitaka mambo ya taa, breki na vituo vya mafuta. Hayo mtayajua wenyewe. Basi likikosa mafuta litawaambia. Mimi nitaandika yale ambayo basi haliwezi kusema, na kwa kuwa wengi wenu mnatoka kwetu huku mtaa wa South End, nitaandika kwa Kiswahili. Mpanga safari hasomi Kiswahili. Hilo nalo lina faida yake.

Niliacha shule darasa la tano, kule milimani Kivu Kusini, kwa sababu wazazi walikufa na mtu mmoja alipaswa kupika. Mtu huyo nilikuwa mimi, binti wa kwanza. Nyuma yangu walikuwa Ruben, na Neema ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Waliniita Yaya, neno ambalo kwetu ni ndugu mkubwa, lakini walimaanisha pia mama, baba, na mtu wa kulaumiwa chumvi ikizidi. Tulipofika Amerika, kila mmoja akavutwa upande wake. Ruben alifuata kazi ya ghala Columbus. Neema alifuata rafiki wa kwaya mpaka Lackawanna, pembeni ya Buffalo, akapata kazi ya kutunza wazee. Mimi nilibaki Louisville, nikafunga maboksi ghalani, nikaendesha basi la shule, kisha nikapewa haya makubwa mnayoyaendesha sasa.

Siku ofisi ilipotafuta dereva wa kupeleka timu Columbus na Buffalo, wenzangu waliinamisha vichwa kama wanafunzi wasiojua jibu. Mimi niliinua mkono kabla swali halijaisha. Bosi alifikiri napenda hoki. Sikuwa nimewahi kuiona. Nilichojua ni kwamba njia ile inapita kwa mdogo wangu wa kwanza na kuishia kwa mdogo wangu wa pili, na kwamba mafuta si yangu.

Aliyenifundisha njia ni mzee mmoja mwenyeji, Earl, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Alisema maneno machache, na mengi yalikuwa juu ya choo. "Wahesabu kabla ya chakula, si baada," aliniambia. "Baada ya chakula watakudanganya." Akaniambia pia nisiache mabegi ya vifaa chini ya basi usiku wa baridi, maana jasho huganda na asubuhi kila mchezaji hutoa jezi iliyokakamaa kama samaki mkavu. Na nikiyaleta ndani, nisiwashe joto la nyuma. Nililiwasha mara moja. Ninyi mmelelewa karibu na zizi la mbuzi, mnadhani mnajua harufu. Hamjui.

Zana zangu zilikuwa taa ya mkononi, chupa ya chai, na ufagio wa mti mrefu wa kupangusa theluji kwenye vioo. Wauzaji wana vifaa vizuri zaidi, lakini ufagio hautaki betri, na kijana akichelewa kupanda, ukiushika tu anakumbuka mama yake.

Siku yangu ya kwanza nilifanya jambo ambalo Earl hakunionya, kwa kuwa hakuna mtu wa kwao angelifanya. Kwetu huwezi kusafiri na watu ambao hujawasalimia. Kwa hiyo nilisimama mlangoni nikampa kila mchezaji mkono, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia, kama inavyofaa. Walinitazama, wakanipa mikono. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu, mnene wa mabega, ametia vitu masikioni. Nikamshika mkono, na basi zima likageuka kututazama.

Earl aliniambia chinichini kwamba huyo ni kipa, na kipa siku ya mchezo haguswi na hasemeshwi, wala kiti chake hakikaliwi na mtu. Kwetu mtu wa namna hiyo tungemwombea. Nilijua nimeshafukuzwa kazi. Lakini usiku ule, Columbus, kipa hakufungwa hata bao moja. Wiki iliyofuata alisimama mbele yangu mlangoni, akatoa vitu masikioni, akanyoosha mkono, na wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. Tangu hapo timu nzima ikawa hivyo. Watu wa hoki wana imani nyingi kuliko wakwe, na ukiwaongezea moja hawakatai.

Nyingine tuliyoanzisha pamoja ni ya mlango. Basi likisimama, hakuna mtu anayeinuka mpaka niseme. Niliiweka kwa sababu ya barafu kwenye ngazi. Wao waliishika kama amri ya Mungu.

Sasa ratiba. Msije mkafikiri kwamba ratiba ya ligi ni kitu kilichoandikwa. Ni kitu kinachotumainiwa. Uwanja wa barafu hauna huruma na vyuo: kwanza wanaingia watoto, kisha wasichana wa kucheza dansi barafuni, kisha wazee wenye vitambi, na timu za chuo zinapewa saa zilizobaki. Juu ya hapo weka mitihani, waamuzi wenye mafua, na Ziwa Erie, ambalo huamka likaimwagia Buffalo theluji bila kumwuliza mtu. Na dereva ana saa zake za sheria. Zikiisha, anaegesha, hata kama kocha analia.

Aliyepanga haya yote ni mama mmoja wa Columbus, Donna. Alikuwa akinipigia simu na kuniuliza, "Mama, una kahawa?" Nikisema ninayo, anasema, "Kunywa kwanza." Hapo najua kwamba mchezo umehamishwa. Nilimwonea huruma mtu yule. Kila nilipopita Columbus nilimwachia mandazi, ya moto kadiri basi linavyoweza. Sisemi kwamba mandazi yalipanga ligi. Nasema tu kwamba baada ya msimu mmoja Donna alianza kuniuliza, "Mama, safari ya Buffalo ungependa wiki gani?" Nami nilimjibu, kwa sababu ni adabu kujibu.

Hivyo ndivyo sherehe za nyumbani kwetu zilivyokuja kupangwa na hoki. Ruben alioa wikendi ambayo timu ilikuwa Columbus. Watu wa kanisa walishangaa kwa nini bibi harusi alitaka Februari.

Na hivyo ndivyo tulivyopanga siku ya Neema.

Kijana wa kanisa lao, Elia, alitaka kumwoa. Mnajua utaratibu: watu wa kijana wanakuja na msemaji wao, wanaomba, na upande wa binti unajibu. Anayejibu ni baba, na kama baba hayupo ni yule aliyekuwa baba. Kiti chake kinawekwa mbele, chenye kitenge juu. Mimi nilikuwa nimemlea Neema, nikajua kiti ni changu. Lakini alikuwako Buffalo baba mdogo Zakayo, binamu wa baba yetu kwa njia ndefu yenye kona nyingi. Ni mtu wa heshima, mwenye sauti nzuri na koti zuri. Tulipokuwa wadogo hakutufahamu; alitugundua tulipokuwa tumeshakua. Yeye alisema kwamba kiti cha baba hakikaliwi na mwanamke.

Neema hakubishana naye. Alinipigia mimi. "Yaya, kama si wewe unajibu, mimi sitatoka mu chumba. Bataoa mlango."

Tulikubaliana nitafika. Donna aliweka mchezo wa Ijumaa Columbus, na wa Jumamosi jioni Tonawanda, upande wa pili wa Buffalo. Sherehe ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Ningeifikisha timu hotelini mapema, nipumzike kisheria, yaani niende Lackawanna nikae kwenye kiti. Ruben na jamaa zetu wa Columbus na Louisville wangekuja na magari yao nyuma yangu, ili upande wetu uwe na watu. Hilo ni jambo kubwa. Ukikaa na viti vitupu, wageni wanajua binti hana wa kumuuliza habari akipata shida huko aendako.

Jumamosi tuliondoka Columbus alfajiri. Jamaa zangu walisema wataondoka saa hiyo hiyo. Nanyi ni Wakongomani kama mimi, mnajua saa hiyo ni saa ngapi. Basi letu lilipita theluji ikianza. Wao theluji iliwakuta.

Tuliposimama kupumzika baada ya Erie, simu yangu ililia.

"Yaya, uko wapi?" Alikuwa Neema.

"Nimepita Erie. Kuna nini?"

"Bon, sikia. Barabara bamefunga nyuma yenu. Ruben na bote bako mu kituo cha mafuta, banakula chipsi. Na baba mdogo amefika. Amekaa ku kiti."

"Kiti gani?"

"Cha baba. Anasema anakijaribu tu."

Sikuwa nimerudisha simu mfukoni, ikalia tena.

"Mama, una kahawa?" Donna.

"Nina chai."

"Kunywa."

Mashine ya kulainisha barafu ya Tonawanda ilikuwa imemwaga mafuta katikati ya uwanja. Mchezo umehamia Jumapili asubuhi. Na hoteli nayo sasa inasema haifungui vyumba mpaka jioni.

Kocha wao, kijana mpole anayeitwa Brent, alikuja mbele akikuna kichwa. Nyuma yake walikuwa vijana wake wote na suti zao na tai, maana timu za hoki husafiri zimevaa kama wazee wa kanisa. Hilo ni sharti lao. Nilikuwa nimeliona kwa misimu kadhaa. Siku ile ndiyo nililitazama.

"Mama," alisema Brent, "vijana wana njaa. Unajua mahali panapoweza kutupokea sisi sote?"

"Napajua. Lackawanna. Tunapafikia kabla ya mji."

"Chakula gani?"

"Mbuzi."

Akafikiri kidogo. "Wana nafasi?"

"Leo viti viko vingi sana," nikasema. "Ni sherehe ya mdogo wangu. Mtakaa nitakapowaonyesha, mtasalimia kama mnavyonisalimia, na watu wakipiga makofi, nanyi pigeni."

Sikumdanganya hata neno moja. Sikumwambia tu kwamba watakuwa wajomba.

Niliegesha basi nje ya ukumbi wa kanisa, nikawaacha wamekaa, nikaingia peke yangu kuona hali. Upande wa Elia ulikuwa umejaa mpaka ukutani. Upande wetu walikuwa marafiki wawili wa kwaya na safu za viti vya kukunja. Mbele, juu ya kitenge, baba mdogo Zakayo alikuwa bado anakijaribu kiti.

"Karibu, mwanangu," akasema, bila kuinuka. "Umekuja na nani?"

"Jamaa wamefungiwa na theluji, baba."

"Nimesikia. Pole sana. Upande wa yatima ni viti vitupu, mwanangu, wewe unajua. Donc, mwanamke, dereva, peke yako, ndiye utakayejibu mbele ya watu wote hawa? Watasema Neema hana kwao. Niachie mimi."

"Wewe utajaza kiti kimoja, baba. Na hivi vingine?"

"Vingine tunamwachia Mungu."

Nikamwambia kwamba Mungu mara nyingi hutuma watu, nikatoka nje, nikafungua mlango wa basi na kusema, "Haya. Shukeni."

Waliingia wakiinamisha vichwa mlangoni, suti nyeusi baada ya suti nyeusi. Wa kwanza alikuwa kipa. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee wa upande wa pili na kutoa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, akainama. Nyuma yake wote wakafanya vivyo hivyo, mzee mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu. Bibi mmoja alishika mkono wa kocha akakataa kuuachia. Kisha nikawaonyesha viti, wakakaa. Viti vikalia. Hakikubaki hata kimoja.

Msemaji wa upande wa Elia alikuwa mzee Simoni, ambaye ulimi wake unajulikana katika makanisa yetu yote ya Buffalo. Alisimama, akajikohoza.

"Tumekuja tukifuata nyayo za mtamba wetu," alianza, "nyayo zimeingia katika boma hili. Lakini kabla sijaendelea, naomba kujua. Hawa ni akina nani?"

"Wajomba," nikasema.

"Wajomba wa nani?"

"Wa Neema."

"Mbona weupe hivyo?"

"Mzee, mmetuleta Buffalo wakati wa theluji, halafu mnatuuliza kwa nini watu wetu ni weupe."

Ukumbi ulicheka. Vijana, waliposikia kelele, walipiga makofi kama nilivyowaagiza.

"Na mjomba yule, meno yake ya mbele yako wapi?"

"Aliyaacha Columbus jana. Watu walitaka kupita mlangoni kwetu bila hodi."

Simoni alifurahi, alikuwa amepata mtu wa kucheza naye. Lakini baba mdogo Zakayo aliinuka, kwa kuwa mtu wa heshima hasemi amekaa. "Ndugu zangu, tusifanye mchezo. Nyumba ina kichwa. Hawa ni wageni, wamekuja kula. Kichwa cha nyumba hii ndicho kitakachojibu, na mwanamke hajawa kichwa."

Hapo hakuna aliyecheka. Nyuma ya mlango wa chumba cha pembeni niliona ncha ya kiatu cha Neema, na nikajua kwamba kiatu kile hakitavuka kizingiti. Mimi nilikuwa na majibu mengi kwa baba mdogo, na yote yangemwaibisha mzee mbele ya wakwe na kuniacha mimi bila heshima. Nikayameza. Kumeza maneno si kazi niliyozoea.

Simoni alimtazama Zakayo, akanitazama mimi, kisha akamwita mjukuu wake wa kike, msichana wa chuo. "Waulize hao wajomba kwa Kiingereza. Kichwa cha nyumba yao ni nani?"

Msichana akauliza. Wale vijana hawakujua wanaulizwa nini hasa wala kwa nini. Hawakutazamana hata. Wote walininyooshea mkono mimi.

Kocha Brent alisimama, kwa kuwa alidhani ni zamu yake. Alisema maneno machache, na msichana akatafsiri: "Anasema ni Mama. Anasema yeye ni kocha, lakini akishafungua mdomo Mama, yeye naye anakaa. Anasema hakuna mtu anayeshuka mpaka Mama aseme."

"Hakuna anayeshuka?" akauliza Simoni. "Hata kwenda chooni?"

Msichana akauliza. Kipa, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno safarini, alijibu yeye.

"Anasema hata chooni, babu. Anasema hasa chooni."

Simoni aligeuka taratibu. "Mzee Zakayo, mimi nina watoto, nina wajukuu, na nimekuwa mzee wa kanisa tangu kambi ya wakimbizi. Sina hata mtu mmoja ambaye hajisaidii mpaka niseme. Wewe unao wangapi?"

 Mabega ya baba mdogo yakaanza kutikisika, na nilipoona kwamba ni kicheko nilimpenda kwa mara ya kwanza. Alikishika kiti kwa mikono yote miwili, akakigeuza kunielekea.

"Yaya wa watu," akasema. "Kaa."

Nilikaa. Kilikuwa kiti cha kanisa cha kukunja, kina mguu mmoja mfupi, na kitenge kilikuwa kile nilichombebea Neema, maana yeye ndiye aliyekitandika. Kwa muda kidogo sikuona vizuri upande wa pili wa ukumbi. Halafu nikamwambia baba mdogo kwamba mimi nina majibu lakini sina sauti, na kama angekubali kuwa msemaji wangu ningeshukuru. Hajawahi kukataa kusema, na siku ile hakuanza.

Neema alitoka chumbani. Simoni akauliza, "Mnatupa?"

Nikamnong'oneza Zakayo, naye akatangaza kwa sauti yake nzuri: "Mtampata. Lakini harusi itakuwa Jumamosi ambayo timu inacheza Buffalo."

"Na Jumamosi hiyo anaijua nani?"

"Mama mmoja wa Columbus, anaitwa Donna."

"Ni wa ukoo wenu?"

Zakayo aliniinamia, nikamjibu, akainuka. "Kuanzia leo."

Wakala mbuzi, wakala sombe, kile kisamvu chetu, wakala ugali kwa mikono wakiiga majirani zao, na yule asiye na meno aliletewa mchuzi na bibi watatu tofauti. Ruben alifika tukiosha sufuria. Nilimwonyesha kiti chake, akala mkate.

Jumapili asubuhi, Tonawanda, wakashinda timu ambayo hawakuwahi kuishinda nyumbani kwake. Kocha Brent alitafuta sababu, na kama watu wote wa hoki aliipata tumboni: ilikuwa sombe. Tangu hapo hakuna safari ya Buffalo ambayo haikupita Lackawanna kwanza. Neema aliolewa kwa ratiba, akazaa bila ratiba, na kila msimu anapika masufuria mawili makubwa. Baba mdogo Zakayo huwahutubia kwa muda mrefu, nao humpigia makofi mahali pasipofaa. Yeye ndiye wa kwanza kunipigia kila mwaka: "Mwanangu, wajomba wanakuja lini?"

Kwa hiyo wewe utakayepewa njia hii, ushauri wangu ni huu. Wape mikono, kipa awe wa mwisho. Mpelekee Donna mandazi. Chunga joto la nyuma. Ukishapita Erie, kocha atakuja mbele akikuna kichwa na kuuliza kama tutapita kwa dada Neema. Sema ndiyo. Na usishtuke kuona mwanamke mzee mwenye ufagio amekaa kiti cha nyuma yako tangu Louisville. Mpanga safari hajui, na ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili. Sitasema chochote juu ya unavyokata kona. Nitasema kidogo. Na tukifika Lackawanna, ukishaegesha, fungua mlango tu na usubiri. Hakuna kushuka mpaka niseme.